Nani Aliandika? Henry Louis Gates na Kazi ya Kuvirudisha Vitabu Vilivyopotea



Mhadhara wa leo unamhusu mwanazuoni mmoja wa fasihi ambaye maisha yake yana funzo kubwa kwetu. Ni Henry Louis Gates, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Wengi wenu mnamjua kwa vipindi vyake vya televisheni vya kutafuta nasaba za watu mashuhuri. Huko sitakaa sana. Nataka tumtazame kama msomaji, mtu ambaye kwa miongo mingi ameuliza swali lile lile mbele ya kila kitabu kikuukuu: nani aliandika?

Hoja yangu ni moja. Nadharia zote tunazofundisha darasani zimesimama juu ya kazi ya chini, isiyopigiwa makofi: kuthibitisha kwamba kitabu kipo, kwamba mwandishi wake ni fulani, na kwamba kiliandikwa wakati fulani. Gates alipoifanya kazi hiyo kwa subira, aliibadili fasihi ya Marekani. Alipokwenda mbio aliteleza, na mara moja aliteleza hapa hapa kwetu, pwani ya Waswahili. Yote mawili yanatufaa.

MTOTO WA MJI WA KARATASI

Gates alizaliwa tarehe 16 Septemba 1950 mjini Keyser, jimbo la West Virginia, akakulia Piedmont, mji mdogo ukingoni mwa mto Potomac. Mji mzima ulikula kwa kiwanda cha karatasi. Karibu wanaume wote weusi waliokuwa kiwandani walifanya kazi moja: kupakia karatasi kwenye malori. Baba yake alikuwa mmoja wao, na zamu ikiisha alikwenda kusafisha ofisi za kampuni ya simu ili watoto wasome. Mama yake, Pauline, alisafisha nyumba za watu, na hata hivyo ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa katibu wa chama cha wazazi na walimu katika shule ya pale.

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku kuwatenga wanafunzi kwa rangi. Miaka miwili baadaye Gates akaanza shule, akakaa darasa moja na watoto weupe.

Alipofika umri wa miaka 14 aliumia nyonga akicheza mpira. Daktari aliyemhudumia akamuuliza ukubwani anataka kuwa nani. Kijana akajibu kwamba anataka kuwa daktari. Yule bwana akamsaili maswali ya sayansi, na alipoona yanajibiwa, akamgeukia mama na kumwambia kuwa mguu hauna kitu. Mtoto huyu anasumbuliwa na tamaa ya makuu. Mama hakukubali. Alimpeleka hospitali kubwa zaidi, na huko ikaonekana kweli mfupa wa nyonga umeharibika. Mguu wa kulia ukabaki mfupi kuliko wa kushoto, naye akaishi kwa kutembelea mkongojo.

Nimelisimulia hili kwa sababu linaingia moja kwa moja katika somo letu. Mtu mwenye mamlaka alimsoma mtoto kwa rangi yake, akaacha kuusoma mguu uliokuwa mbele ya macho yake. Mama, ambaye hakuwa na shahada yoyote ya tiba, alisoma kilichokuwapo. Kazi yote ya Gates iliyofuata ni kupigania usomaji wa namna ya yule mama.

Mwaka 1965 alikuwa kwenye kambi ya vijana wa kanisa wakati habari za ghasia za Watts, Los Angeles, zilipofika. Padri mmoja akampa kitabu cha insha cha James Baldwin, Notes of a Native Son. Gates amesimulia mara nyingi kwamba kitabu hicho ndicho kilichomfungulia mlango: alikuta humo sauti ya mtu mweusi ikiyapanga kwa ufasaha mambo ambayo yeye aliyahisi bila kuwa na maneno ya kuyasema.

KILIMATINDE

Baada ya mwaka mmoja katika chuo kidogo karibu na kwao, mwaka 1969 alihamia Chuo Kikuu cha Yale. Bado nia yake ilikuwa udaktari. Yale ilikuwa na mpango wa kuwapeleka baadhi ya wanafunzi nchi za nje kwa mwaka mzima wakafanye kazi badala ya kusoma. Gates akachagua Tanzania, akaja Kilimatinde.

Wanaopajua wanajua pale palivyo. Ni juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, Manyoni, mkoani Singida, katika nchi kame ya Wagogo, mahali ambapo Wajerumani walikuwa na boma. Hospitali ya misheni ya Kianglikana ilimpokea kijana huyu wa miaka 20 na kumfundisha kutoa dawa ya usingizi kwa wagonjwa wa upasuaji. Azimio la Arusha lilikuwa halijafikisha hata miaka mitano. Mmarekani mweusi wa enzi zile, aliyelelewa na sinema za Tarzan na hotuba za Afrika ya wafalme, alijikuta anafanya kazi ya zamu pamoja na wauguzi, akihesabu pumzi za mgonjwa asiyejua lugha yake.

Muda wake ulipokwisha alivuka bara kwa lifti za barabarani, kutoka Bahari ya Hindi mpaka Atlantiki. Hakuwa daktari. Aliporudi Yale alimaliza shahada ya historia mwaka 1973 kwa daraja la juu kabisa. Lakini kuanzia hapo Afrika, kwake, ilikuwa na majina ya vijiji, na hakuiacha tena.

CHUO KISICHOTAKA KUMPA SOYINKA DARASA

Kutoka Yale alipata udhamini wa kwenda Clare College, Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Huko alikutana na watu wawili waliomgeuza njia. Wa kwanza ni Wole Soyinka, aliyekuwa Churchill College mwaka 1973, miaka michache tu baada ya kutoka kifungoni Nigeria. Wa pili ni Kwame Anthony Appiah, kijana wa baba Mghana na mama Mwingereza, aliyekuwa akisoma falsafa. Hao wawili ndio waliomshawishi aachane na udaktari aishike fasihi.

Soyinka alikuwa na mihadhara juu ya fasihi ya Kiafrika. Idara ya Kiingereza haikuwa na nafasi kwa somo hilo, kwa hiyo mihadhara ikafanyika chini ya idara ya anthropolojia ya jamii. Fikirini maana yake: tamthilia za Mwafrika zikawekwa kwenye fungu la mila na matambiko, mbali na fungu la sanaa. Mihadhara hiyo ilichapishwa mwaka 1976 kwa jina la Myth, Literature and the African World, na mwaka 1986 Soyinka akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Gates alikuwa mwanafunzi wake. Aliona kwa macho yake jinsi rafu ya maktaba inavyoweza kuwa hukumu.

Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1979. Akafundisha Yale, mwaka 1981 akawa katika kundi la kwanza kabisa la waliopewa tuzo ya MacArthur. Hata hivyo Yale haikumpa ajira ya kudumu. Mwaka 1985 akaenda Cornell, kisha Duke, na mwaka 1991 akaingia Harvard, ambako alijenga idara ndogo iliyokuwa inasuasua hadi ikawa miongoni mwa idara zenye sifa kubwa zaidi za taaluma za Waafrika na Wamarekani Weusi.

DIWANI ILIYODAIWA MASHAHIDI 18

Ili tuelewe kwa nini swali la nani aliandika ni zito Marekani, lazima turudi Boston ya karne ya kumi na nane. Mwaka 1761 msichana wa Kiafrika wa umri wa miaka saba au minane hivi alishushwa bandarini pale kutoka meli ya watumwa iliyoitwa Phillis. Familia ya Wheatley ikamnunua na kumpa jina la meli. Phillis Wheatley akajifunza Kiingereza na Kilatini, akaandika mashairi. Mwaka 1773 diwani yake ilichapishwa London, na ndicho kitabu cha kwanza cha mashairi kilichoandikwa na mtu mweusi wa makoloni yale. Mwanzoni mwa kitabu kuna hati iliyotiwa majina ya wanaume 18 wakubwa wa Boston, akiwamo gavana Thomas Hutchinson na tajiri John Hancock, wakishuhudia kwamba mashairi yale kweli ni ya msichana huyo.

Hakuna mshairi mzungu wa zama zile aliyedaiwa mashahidi 18. Thomas Jefferson naye baadaye aliyapuuza mashairi hayo kuwa hayastahili hata kuhakikiwa. Kwa watu wa fikra hizo, kuandika kulikuwa kipimo cha ubinadamu, na aliyefaulu kipimo alishukiwa kuwa amesaidiwa.

Gates alilifanya jambo hili kuwa mada ya mhadhara wake wa Jefferson mwaka 2002, mhadhara wenye heshima kubwa kuliko yote ambayo serikali ya Marekani huitoa katika taaluma za sanaa na ubinadamu. Katika masimulizi yake, wanaume wale walimkalisha Phillis chumbani wakamtahini. Watafiti waliokuja nyuma wamehoji kikao hicho: hati ya majina 18 ipo, ila ushahidi wa mtihani wa ana kwa ana haupo. Nalitaja hili bila kumpunguzia heshima. Linaonyesha jinsi hadithi nzuri inavyoweza kuutangulia ushahidi hata kwa mtu ambaye kazi yake ni ushahidi.

MWANAMKE ALIYEANDIKA KWA AJILI YA MWANAWE

Sasa tuje kwenye kazi ninayoiona kuwa bora kuliko zote alizofanya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Gates alinunua katika duka la vitabu vya zamani jijini New York kitabu kiitwacho Our Nig. Kilichapwa Boston mwaka 1859 kwa gharama ya mwandishi mwenyewe. Kinasimulia maisha ya Frado, msichana chotara aliyeachwa na mama yake katika nyumba ya wazungu kaskazini mwa Marekani, mahali pasipokuwa na utumwa kisheria, akafanyishwa kazi na kupigwa kama mtumwa. Wachache waliowahi kukitaja kitabu hicho walidhani mwandishi ni mzungu. Kwa zaidi ya miaka mia moja kilikaa rafuni bila mwenyewe.

Gates hakuanza kwa nadharia. Alianza kwa dibaji. Humo mwandishi anasema ameandika ili apate fedha za kujikimu yeye na mtoto wake. Kwa hiyo kulikuwa na mtoto. Na mtoto huandikwa mahali. Msako ukaingia kwenye orodha za sensa, madaftari ya ndoa na kumbukumbu za vifo za miji midogo ya New Hampshire. Hatimaye ikapatikana rekodi ya kifo cha mtoto George Wilson, miaka saba, aliyefariki kwa homa mwezi Februari 1860, miezi michache tu baada ya kitabu kutoka. Kwenye safu ya rangi, karani alikuwa ameandika kuwa ni mweusi.

Tukae hapa kidogo. Mama aliandika riwaya ili amtunze mwanawe. Riwaya haikuuzika, mtoto akafa. Na mstari mmoja wa karani aliyeandika kifo hicho ndio uliomthibitisha mama, baada ya miaka zaidi ya 120, kuwa ndiye aliyeandika: Harriet Wilson, mwanamke mweusi, mmoja wa waanzilishi wa riwaya ya Wamarekani Weusi. Gates alikichapisha kitabu upya mwaka 1983. Watafiti wengine wakaendeleza alipoishia, wakagundua kwamba Harriet Wilson aliishi hadi mwaka 1900.

Tuulize pia kwa nini kitabu kilipotea. Wapinga utumwa wa kaskazini ndio waliokuwa wanunuzi wa maandishi ya watu weusi, na Harriet Wilson alikuwa amewaonyesha unyama uliomo majumbani mwao wenyewe. Kitabu kisichowafurahisha wenye fedha za kununua hupotea bila kuchomwa moto na mtu. Hilo nalo ni la kuliandika daftarini.

MSWADA WENYE ALAMA ZA TONDOO

Mwaka 2001 Gates alikuwa anauguza nyonga ile ile baada ya upasuaji, akipitia katalogi ya mnada wa Swann Galleries wa New York. Akaona tangazo la mswada wa mkono, karne ya kumi na tisa, unaosemekana kuwa wa mwanamke mtumwa aliyetoroka, Hannah Crafts. Akamtuma mwenzake mnadani, wakaupata kwa dola 8,500.

Ulikuwa na kurasa 301. Kabla ya kusema lolote hadharani aliupeleka kwa mchunguzi wa hati, Joe Nickell. Mchunguzi akaangalia karatasi, wino, na aina ya kalamu, ambayo ilikuwa ya unyoya. Akaona kwamba mwandishi alirekebisha makosa kwa kubandika vipande vya karatasi juu ya maneno, na kwamba vipande hivyo vilikandamizwa kwa tondoo. Chombo cha mshonaji. Hitimisho lake: mswada uliandikwa kati ya mwaka 1853 na 1861. Riwaya yenyewe inamtaja kwa jina bwana aliyemmiliki mwandishi, John Hill Wheeler wa North Carolina, mtu wa kweli aliyewahi kuwa mwakilishi wa Marekani nchini Nicaragua.

Kitabu kilitoka mwaka 2002 kwa jina la The Bondwoman's Narrative, kikauzwa sana. Gates alikiri katika utangulizi wake kwamba jina halisi la mwandishi lilikuwa halijapatikana. Mwaka 2013 profesa mwingine, Gregg Hecimovich, alitangaza kwamba mwandishi ni Hannah Bond, mtumwa aliyetoroka shamba la akina Wheeler yapata mwaka 1857 akiwa amevaa nguo za kiume. Hivi ndivyo elimu inavyokwenda: mmoja anafungua, mwingine anamalizia, na aliyefungua hajidai kuwa amemaliza.

Kabla ya Gates kulikuwa na mtu mwingine ambaye nataka wakutubi waliopo hapa walishike jina lake. Ni Dorothy Porter, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Yeye ndiye aliyeununua mswada huo mwaka 1948 kwa dola 85 na kuutunza hadi alipofariki mwaka 1995. Yeye ndiye aliyekataa mpangilio wa maktaba uliokuwa ukivitupa vitabu vyote vya watu weusi kwenye mafungu mawili, la ukoloni na la utumwa, hata kama kitabu ni diwani ya mashairi. Alivipanga upya, ushairi penye ushairi, historia penye historia. Bila mkutubi huyo, profesa asingekuwa na cha kugundua. Heshima ya ugunduzi igawanywe kwa haki.

KUTOKA KITABU KIMOJA HADI RAFU NZIMA

Wanafunzi wa nadharia wanamjua Gates zaidi kwa The Signifying Monkey, kitabu cha mwaka 1988. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba fasihi ya Wamarekani Weusi ina kanuni yake ya ndani ya kuhakikiwa, na haihitaji kuazimwa vipimo kutoka Ulaya. Anaanzia kwa Esu, mungu mjanja wa Wayoruba, anavuka bahari pamoja na watumwa, anafika kwenye ngano za Nyani anayewagonganisha Simba na Tembo kwa maneno ya kufumba. Kusema hili ukimaanisha lile, kuchukua usemi wa mwenzako ukaugeuza dhidi yake: huo, anasema, ndio uti wa mgongo wa sanaa yao, na ndivyo vitabu vyao vinavyojibizana. Mtu aliyewahi kusikiliza taarabu ya mafumbo Unguja au mashairi ya kujibizana Mombasa hatahitaji maelezo marefu. Wasomi wetu wana kazi hapa: ushairi wa malumbano tunao kwa karne mbili na zaidi, na nadharia yake bado haijaandikwa kwa ukamilifu huo.

Lakini angalieni utaratibu. Mwaka ule ule wa 1988 Gates alisimamia uchapishaji wa maktaba ya juzuu 30 za waandishi wanawake weusi wa karne ya kumi na tisa. Mwishoni mwa mwaka 1996 yeye na Nellie McKay walitoa antholojia ya Norton ya fasihi ya Wamarekani Weusi, zaidi ya kurasa 2,600, ikiwa na diski ya nyimbo na mahubiri ili fasihi simulizi isiachwe nje. Antholojia ya namna hiyo hutawala silabasi. Kilichomo hufundishwa, kisichomo husahauliwa. Mwaka 1999 yeye na Appiah wakatoa Africana, ensaiklopidia ya ulimwengu wa watu weusi, wakitimiza kwa namna yao ndoto ya mwanazuoni W. E. B. Du Bois, ambaye alihamia Ghana mwaka 1961 kwa mwaliko wa Rais Nkrumah ili aihariri kazi kama hiyo, akafia Accra mwaka 1963 kabla haijakamilika.

MGENI PWANI, NA JAWABU LA MAZRUI

Mwaka huo huo wa 1999 televisheni ya PBS ya Marekani ilionyesha mfululizo wake wa vipindi sita, Wonders of the African World. Kipindi kimoja kilihusu Pwani ya Waswahili. Gates alizunguka na kamera, akawauliza wenyeji asili yao. Waliomtajia nasaba za Kiarabu na za Kishirazi aliwaona kama watu wanaoukana Uafrika, na akalihusisha jambo hilo na historia ya utumwa.

Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, ambaye mwaka 1986 alikuwa ametoa mfululizo wake wa The Africans, alimjibu kwa maandishi makali. Alimlaumu kwa kuidhalilisha mada, kwa jinsi alivyowaonyesha Waswahili, na kwa kuukaza mzigo wa biashara ya watumwa kwa Waafrika na Waarabu huku mchango wa Wazungu ukipita kimyakimya. Soyinka akaingia upande wa mwanafunzi wake. Majibizano yakajaza kurasa za jarida la West Africa Review mwaka 2000, na wasomi wa pande zote wakashiriki.

Nami nina hukumu yangu, na nitaisema. Katika swali la nasaba, Mazrui alikuwa na haki. Gates alileta kipimo cha Piedmont, ambako tone moja la damu ya Kiafrika linamaliza mjadala, akakitumia katika miji ambayo mtu hujitambulisha kwa ukoo, kwa mtaa, kwa dini na kwa lugha kwa pamoja. Aliyekaa na mswada mmoja mpaka akajua ulikandamizwa kwa tondoo hakukaa na mzee wa Kiswahili muda wa kutosha kujua anasema nini anapojiita Mshirazi. Aliwasoma watu wetu kama yule daktari alivyomsoma yeye.

Katika swali la utumwa, hata hivyo, si haki tumfukuze mlangoni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na majina ya waliopita pale hatuyajui. Mgeni aliyeuliza vibaya aliuliza jambo ambalo wenyeji tunapaswa kulijibu vizuri, kwa hati na kwa masimulizi ya wazee, pasipo kungoja kamera ya mtu.

Jambo lingine la kumdai lilitokea mwaka 2015. Ilibainika kwamba katika kipindi chake cha nasaba, Finding Your Roots, habari ya babu mmoja mmiliki wa watumwa iliachwa nje baada ya mwigizaji aliyehusika kuomba. PBS ilichunguza na kusema taratibu zimevunjwa, naye Gates akaomba radhi. Kwa mtu aliyejenga jina lake juu ya mstari mmoja wa karani mwaminifu, hilo lilikuwa kosa zito. Kosa hilo halifuti kazi iliyotangulia, ila linatukumbusha kwamba uaminifu wa hati hudaiwa kila siku.

NA SISI

Ndugu zangu, sikuja kuwasimulia Mmarekani ili mrudi nyumbani mkimsifu.

Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yamefika mikononi mwetu kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika kutoka vinywani mwa wazee, na mmisionari William Taylor akayachukua. Diwani ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, karne moja baada ya mshairi mwenyewe kufariki, na nakala za asili zipo London. Tendi nyingi tunazofundisha tunazijua kwa nakala za Muhammad Kijuma wa Lamu, ambaye alinakili kwa hati nzuri mno kwa ajili ya wasomi wa Ulaya. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina kubwa ya miswada iliyokusanywa na John Allen na wenzake. Ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili wa leo wanaoweza kukaa na ukurasa mmoja wa hati ya Kiarabu wakausoma? Wachache sana, na kila mwaka wanapungua.

Swali la nani aliandika liko wazi kwetu pia. Kuna tendi zisizo na jina la mtunzi, kuna nakala zenye jina la mnakili likidhaniwa ni la mtunzi, na huenda kuna mashairi ya wanawake yaliyopewa majina ya wanaume. Mwana Kupona alibahatika: utendi wake wa mwaka 1858 umebaki na jina lake. Hatuwezi kuamini kwamba alikuwa peke yake.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na nayasema kwa uzito wote nilio nao.

Kwa vyuo vyetu: rudisheni somo la kusoma na kuhariri miswada ya hati ya Kiarabu, na mkubali kwamba kuhariri mswada mmoja kwa ukamilifu ni tasnifu halali, sawa na tasnifu yoyote ya nadharia.

Kwa wakutubi: igeni ukaidi wa Dorothy Porter. Karatasi isiyo na jina leo ichukueni, ipeni namba, andikeni imetoka nyumba gani, mkononi mwa nani, na lini. Wa kuithibitisha atakuja.

Na kwa nyinyi mnaotoka kwenye nyumba zenye masanduku ya wazee: kabla mchwa na mvua havijatangulia, fungueni, pigeni picha kila ukurasa, na muulizeni bibi au babu aliye hai karatasi hizi ni za nani, mwandike jibu lake pamoja na jina lake na tarehe. Fanyeni hivyo mwaka huu. Mtafiti wa miaka mia ijayo hatakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.